Kushoto kwa Paa la Kijani

Meli ya Nansio ilipogusa gati
Masatu alishuka mbele yangu, mabega juu,
kama mtu anayerudi kwake.
"Nifuate, Nyabwire. Mji huu naujua."
Nikamfuata na viatu vyangu vya shule,
noti mbili zimeshonewa ndani ya pindo la gauni,
kazi ya shangazi, asiyemwamini
mtu yeyote mwenye mifuko.

Kaka alitembea akitazama juu.
Wenzake walitazama njia, yeye mapaa.
"Kwanza mnara mweupe, halafu paa la kijani.
Kushoto kwa paa la kijani kuna soko."
Lakini huku chini paa halina rangi:
kuna turubai, kuna mitumba inayoning'inia,
kuna kijana anauza chaja, soksi na sumu ya panya
kwa kipaza sauti kimoja, kwa pumzi moja.

Makoroboi tulipita mara tatu.
Mara ya tatu fundi wa masufuria
alituamkia kama majirani.

Nilijua tumepotea. Naye alijua.
Tulinunua mihogo ya kukaanga, tukala tumesimama
chini ya mti wenye makorongo wanane,
wale wenye vipara na makoti marefu,
wametuinamia kama wajumbe wa baraza
wanaongoja mtu ajikwae kwenye maneno.
"Ziwa liko upande gani?" nikauliza,
nikaona aibu hapo hapo.
Kwetu kisiwani ziwa liko kila upande.
Hapa lilikuwa na upande mmoja tu
na huo ndio tuliokuwa tumeupoteza.

"Ulifika lini hapa, kaka?"
Aliinama, akafunga kamba ya kiatu
ambayo haikuwa imefunguka.
"Ule mwaka wa mama."

Siku kumi na tisa. Bugando, ghorofa ya sita.
Mimi nilikuwa na miaka minne, nakumbuka tu
kwamba uji alitupikia jirani
na ulikuwa na madonge.
Yeye alikuwa na kumi na miwili.
Alibeba chupa ya chai, alifua kanga,
alihesabu matone ya dripu,
na mama alipopata usingizi
alisogea dirishani.
Huo ndio mji alioutembea.

Basi tukapanda kilima, jua la saa nane kisogoni.
Mlinzi wa getini akauliza,
"Mnakuja kumwona mgonjwa gani?"
Masatu alifungua kinywa,
kikabaki wazi.

Tukaketi juu ya jiwe, nje ya ukuta.
Na kutoka pale hakukosea hata kimoja:
mnara, paa la kijani, soko kushoto kwake,
gati, meli yetu kama kiberiti kilichosahaulika mezani,
na ng'ambo ya bonde zile nyumba
zilizopanda miamba kama mbuzi.
"Mama alizitazama sana zile," akasema.
"Kila asubuhi aliniuliza, wanapandishaje maji?
Nikamwambia nitakwenda kuuliza."

Hakwenda. Ndoo ya kutapikia
haikuwa na mtu mwingine wa kuishika.

Meli ilikuwa inaondoka saa tisa na nusu.
Tulikimbia. Njia ya Mabatini si njia,
ni mpasuko kati ya jiwe na jiwe,
na katikati yake mama mmoja anashuka
na ndoo tupu, mikono ikiyumba.
"Shikamoo. Samahani, mama," alisema kaka,
sauti imepungua miaka,
"maji huku mnayapandishaje?"

Yule mama alimtazama, akanitazama,
akacheka hadi ndoo ikagonga mwamba.
"Kwa shingo, mwanangu. Kwa shingo."

Masatu aliitika kwa kichwa, taratibu,
kama mtu aliyetumwa dukani
na hatimaye amepewa chenji.

Kurudi gatini nilitangulia mimi.
Sikutazama mapaa. Niliufuata mfereji,
ganda la mua likielea mbele yangu,
kona kwa kona, bila kuuliza mtu,
kwani maji ya huku yote
yanajua ziwa liko upande gani.