Mrija Usio na Jina

Mimi nilikuwa muosha mirija.
Miaka kumi na tisa, Maskati, ghorofa ya chini,
mahali ambapo jua tulilisikia kwa kusimuliwa.
Daktari Thuwaiba akiingia hunisalimu Kiunguja,
"Umeamkaje, Msellem?", kisha huyo, kwenye darubini;
ukimsemesha tena, wasemesha ukuta.

Alikuwa mtu wa figo.
Damu za watu zilimfikia kwa majina na namba
naye akizisoma kama karani asomavyo deni:
huyu anadaiwa kidogo,
huyu keshafilisika.

Mwaka ule wakaanza kuja wa Suwaiq.
Si wazee. Vibarua wa mashambani, Wabangali,
mikono ya mawe, figo za majivu.
Shofiqul, miaka ishirini na sita,
alipoulizwa anakunywa nini, alicheka kwa haya:
"Maji ya kisima, mama. Kwani kuna mengine?"
Alirudishwa kwao kabla ya Ramadhani.
Namba ya mrija wake ningali naikumbuka.

Jumapili moja nikakuta mrija hauna jina la mtu.
Ndani si damu. Maji, safi kwa macho,
na mwandiko wake ubavuni: *shamba la baba*.
Aliutia mwenyewe kwenye mashine ya damu.
Mashine ikalia, ikakataa,
ikatoa karatasi tupu.
Akaitazama karatasi ile kitambo kirefu,
kuliko alivyopata kutazama yoyote iliyojaa.

Alipoacha kiti na kiyoyozi, watu walisema lao:
kachoka; kapatwa na kijicho;
kasomea figo ughaibuni, kaishia fundi wa ndoo.
Mimi nikamfuata. Mirija huoshwa popote.
Kisima baada ya kisima, Barka hadi Khabura,
kamba, kopo, kipimo, daftari.
Bahari ilikuwa ikiingia chini kwa chini,
haina pupa, haina kishindo, kama mgeni
asogezaye godoro lake kidogo kila usiku
hata mwenye nyumba akajikuta kizingitini.
Na mlango tuliufungua sisi:
pampu zikinguruma usiku kucha,
tamu ikinyonywa, chumvi ikirithi.

Barazani wakamimina kahawa, wakamuuliza,
"Bibi daktari, ardhi nayo ina figo?"
Wakacheka. Naye akacheka.
Akasema, "Inayo. Na nyinyi mnaikojolea."
Hapo vikombe vikatua chini.

Walipompa kamati ya maji ya mkoa
hakuja na hotuba. Alikuja na mita ya kwanza
akaifunga, majirani wakishuhudia,
kwenye pampu ya kaka yake.
Hemedi alisimama na kanzu yake ya pasi,
ncha ya kilemba ikimpiga shavuni.
"Umeanza na mimi?"
"Ningeanza na nani?"
Idi mbili zikapita bila salamu.
Nami niliyepeleka halua ya upatanisho
nilirudi nayo, bakuli halijafunuliwa.

Leo ni mwaka wa sita.
Kwenye kisima cha baba yao namba imeshuka,
kidogo, kiasi cha chumvi ya kubana kwa vidole viwili.
Nikapiga kelele, "Kimepona!"
Akanikata jicho kama siku nilipovunja mirija arobaini.
Akainamia shimo lile lenye giza
akakiambia, kwa sauti ileile ya wodini:
"Tuonane baada ya miezi mitatu."

Garini tulikuta mfuko umening'inizwa kwenye kitasa:
ndimu kumi na moja, ndogo, ngumu,
za ule mti ambao majani yake
yalikuwa yameungua kingo kama barua iliyookolewa motoni.
Hapakuwa na mtu. Pampu ilikuwa imezimwa.
Akaing'ata moja na ganda lake, akakunja uso.
"Bado," akasema,
akaila yote.