Acha Hesi ya Kwanza

Ngoja, Lushinge. Kabla hujachana hilo boksi la tepu nyeupe
ulilookota Makoroboi kwa bei ya karanga,
nikwambie jambo moja: mafuta hayana haya.
Maji ya bomba yakivuja hunung'unika,
tone, tone, unaweka ndoo, unalala.
Mafuta yakibanwa baa mia mbili
(usicheke, si zile za Kirumba)
hupita pale ambapo hata moshi ungebisha hodi.
Na usipapase hozi kutafuta tundu.
Pitisha kipande cha boksi.
Mzee Kadogosa alitumia kidole cha shahada,
sasa anahesabu mpaka tisa.

Nilikuwa na umri wako,
na mdomo kuushinda wako.
Fitingi ya silinda ya lango la kivuko ilikuwa inalia,
nikaivalisha tepu kama mtoto wa baridi ya Juni,
mizunguko saba, minane, hadi mdomoni kabisa.
Nikakaza. Ikanyamaza.
Nahodha akanipa mkono, akaniita fundi
bila kutabasamu pembeni.

Siku ya kumi na moja
lango liligoma katikati, si juu si chini,
magari tisa tumboni,
barafu inayeyuka juu ya sangara wa watu,
na mwanamke mmoja, kajifunga kitenge cha kijani,
ananiuliza kwa upole uliozidi tusi:
binti, tutashuka lini?
Tukafungua valvu usiku, kwa tochi ya simu.
Ndani yake nyuzi nyeupe, nyembamba, zimejiviringa.
Watu wengine mvi huziona kwenye kioo.
Za kwangu za kwanza nilizitoa kwa koleo
ndani ya valvu.

Tangu hapo naacha hesi ya kwanza wazi. Wakati mwingine mbili.
Katani na rangi, waachie wenye matangi ya shule.
Gundi ya hesi, hii ya chupa nyekundu,
ina tabia ya siri:
ukiinyima hewa ndipo inapokuwa ngumu.
Lakini haipendi uchafu. Pangusa kwa thina
mpaka kitambaa kirudi kama kilivyokwenda,
paka kidogo, kaza,
kisha uiachie usiku mzima.
Mwenye mtambo atapiga simu saa mbili,
saa nne, saa sita akiwa amelewa.
Iache iite.

Haya, sasa leta hiyo fitingi ya mtambo wa minofu.
Hapana, usipake kitu.
Funga macho, pitisha ukucha juu ya hesi.
Umesikia? Hazichongoki.
Zimenyooka kutoka shingoni hadi mguuni,
na tepu hapa ni kama kumfunga tai samaki.
Fungua macho, tazama chini ya kola:
kijiduara cha mpira, cheusi, kimelika upande mmoja.
Wiki mbili watu wazima wamekaza spana
mpaka nati imepata kona za yai,
wametukana pampu, wametukana Wachina,
wakati hesi hazikuwahi kuombwa kuzuia chochote.
Kazi yao ni kushika tu.
Anayezuia ni huyu wa shilingi mia tano
ambaye hakuna aliyemuuliza hali.

Mlainishe kwa tone la mafuta. Mkalishe.
Kaza kwa mkono, kisha robo,
na hapo uzuie bega lako.
Washa.

Upepo wa ziwa unaingia na harufu ya magugumaji,
geji inapanda: hamsini, mia, mia na themanini.
Shika boksi chini yake, usipumue kama unataka.
Geuza.
Kavu.

Usitupe ile tepu.
Mpelekee yule kijana wa mabomba kule Mabatini,
umwambie aizungushe upande wa kukazia,
na kwamba nimesema, hata kwenye maji,
hesi ya kwanza
aiache.