Tarakimu Ishirini

Desemba, tarehe ishirini na nne.
Uchochoro wetu wa Kimara Baruti
umebaki na kuku saba, paka mmoja,
na kamba za nguo zisizo na nguo.

Wote wameenda kuhesabiwa.
Mama Ndesumbuka kaenda Rombo na mabegi matano.
Akina Lyamuya walikwea basi alfajiri.
Hata Mangi wa duka la kona
kafunga mlango, kaandika kwa chaki:
TUTAONANA JANUARI.

Aikande hakwenda.
Nauli ilipanda, na baba yuko lindoni,
analinda mageti ya watu waliokwenda.
"Sisi mwaka huu," mama alisema,
"tutahesabiwa hapahapa."
"Na nani?"
Mama akaendelea kuchambua mchele.

Lakini Aikande ana tawi la mvinje.
Limepinda shingo. Lilikuwa la mwisho,
muuzaji kamwachia bure kuliko kulibeba.
Kalisimamisha kwenye ndoo ya rangi,
kashindilia mchanga, kalifunga kamba dirishani
lisilale.

Na ana kopo.
Ndani yake, shilingi elfu tatu na mia mbili
za kununulia taa. Zile ndogo zinazokonyeza:
nyekundu, kijani, nyekundu, kijani.
Aliziona Manzese, zimetandazwa kwenye turubai.
Tangu Oktoba anakusanya.

Anatoka na kopo lake: cha, cha, cha.
Mlango wa tatu, Bi Mwanahawa
kakaa kizingitini, anapepea friji
kama mtu anayepepea mgonjwa.
"Luku imekata, mwanangu.
Barafu arobaini zimo humu, za ubuyu, za embe.
Waliokuwa wanunue wamepanda mabasi.
Nami nina mia mbili na ufunguo."
Akacheka. Kisha hakucheka.

Aikande akagusa barafu moja.
Ilikuwa imelainika pembeni, kama shavu.
Akatazama kopo.
Akatazama njia ya kwenda Manzese.
Kopo lilikuwa zito. Halafu likawa zito zaidi.

Kwa Mangi, chaki.
Kwa wakala wa pili, mtandao hakuna.
Kwa wa tatu, kijana mmoja anayekula muhogo
alihesabu sarafu mojamoja,
akaandika nyuma ya risiti ya jana.
Hakuna ua juu yake, hakuna nyota.
Tarakimu tu. Ishirini.

Miwani ya Bi Mwanahawa ina kioo kimoja,
basi Aikande anasoma, yeye anabonyeza.
"Nne, sifuri, saba, saba..."
"Saba ngapi?"
"Saba mbili, Bi."
"Haya. Taratibu, usinikimbize."
Walipofika ya kumi na tisa wakashusha pumzi.
Ya ishirini ilikuwa tatu.

Tiii!
Friji likakohoa, likaguna,
likaanza wimbo wake uleule.

Usiku huo mvinje ulilala gizani.
"Samahani," Aikande akaunong'oneza. "Mwakani."

Asubuhi ya Krismasi jua la Dar
halibishi hodi, linaingia tu.
Na pale dirishani, nini kile?
Kwenye kila kitawi, kwa uzi wa kufumia,
barafu! Nyekundu za ubuyu, njano za embe,
na moja ya kijani asiyoijua mtu ni ya nini.
Jua limepenya ndani yake, zimewaka.
Tena zinakonyeza,
maana zinadondoka.

Bi Mwanahawa yuko nje, mkasi mkononi:
"Haraka jamani! Taa zangu hazingoji!"

Wakaja. Kumbe wapo!
Zamoyoni na mdogo wake, wasio na bara la kwenda.
Watoto wa fundi viatu, wote sita.
Kijana wa wakala, na muhogo wake.
Baba, katoka lindoni na kofia kichwani.
Kila mtu akakata taa yake, akaila.

Mama kasimama mlangoni na mwiko,
ananyoosha kidole, midomo inacheza.
"Mama, unafanya nini?"
"Nawahesabu, pilau isije ikapungua.
Kumi na saba... kumi na nane... kumi na tisa."

Aikande akalamba ubuyu kiganjani.
"Hujajihesabu, mama."