Uhusiano na Mwombaji

Dirisha namba tatu, Uhamiaji, Mtwara mjini.
Nimetoka Kitangari na basi la alfajiri,
bahasha nimeitia ndani ya mfuko wa salfa
niliofua mara tatu na bado unanuka mikorosho.

Jina la mwombaji?
Ermelinda Nalukanga.
Karani anaandika, anafuta, anaandika tena.
La kwanza alipewa na padri wa Kireno,
la pili na bibi yake,
wala hakuna aliyemuuliza mwenyewe.
Nami leo nalitamka herufi kwa herufi
kama mtu anayehesabu chenji.

Makazi ya sasa?
Ng'ambo ya Ruvuma.
"Andika nchi."
Naandika nchi.
Lakini kiangazi, mchanga ukichomoza katikati ya mto,
mama mdogo huvuka na kanga yake kichwani,
akanunua chumvi Mahurunga,
akarudi kabla ugali haujapoa.
Ughaibuni ninakokujua mimi ni huko tu.

Kipato cha mdhamini kwa mwezi?
Hapo nikacheka, karani akaniangalia.
Bwana, korosho haina mwezi.
Korosho ina mnada,
ina makato ya chama, ina deni la salfa,
ina "njooni wiki ijayo" mbili tatu,
halafu siku moja ina fedha.
Nikagawanya kwa kumi na mbili juu ya kiganja.
Kilichopatikana hakilishi hata kuku.
Nikakiandika.

Picha mbili ndogo, nyuma iwe buluu.
"Hii ina madoa," anasema,
anaisugua kwa kidole gumba.
Si madoa, bwana. Ni chale.
Walichanjwa kwa mkono mmoja, asubuhi moja,
yeye na marehemu mama yangu,
huyu analia, yule anamcheka,
halafu zamu zikageuka.
Cheti cha undugu wao
ndicho hicho unachokisugua.

Uhusiano na mwombaji?
Kuna visanduku: mume, mke, mtoto, mzazi.
Mama mdogo hana kisanduku.
Nikaweka vema kwenye mzazi.
"Si umesema mama yako alifariki?"
Alifariki mmoja.
Kwetu akina mama hawaishi kwa kifo kimoja.

Akanyamaza. Pangaboi lilikuwa linapeperusha pembe ya fomu,
akaikandamiza kwa kikombe cha chai.

Ukurasa wa mwisho, kiapo:
*Mimi niliyetajwa hapo juu naahidi
kwamba mgeni huyu hatakuwa mzigo.*

Kalamu ikasita.
Mzigo naujua. Ulikuwa mimi.
Mwaka ule wa mbio
mama alibeba mbegu na sufuria,
mimi nikafungwa mgongoni kwa mdogo wake,
nikapewa kitambaa chenye asali ninyonye nisilie,
maji yanamfika kifuani, usiku, bila mwezi,
na askari wanaota moto ukingoni, tulikotoka.
Alitufikisha. Akapumzika siku mbili.
Ya tatu akarudi kumtafuta mumewe,
na kanga ile ikabaki kwetu, ina harufu yake
mpaka ilipokuwa tambara la kupangusia taa.

Hayo sikuyasema. Fomu haikuwa na nafasi.
Nikatia sahihi.

Karani akakusanya karatasi,
akazigonga mezani zikalingana,
akainua muhuri,
akauacha hewani.
"Na wewe mdhamini," akauliza,
kwa upole tu, kama mtu anayeuliza bei ya ming'oko,
"ulizaliwa wapi?"

Mahurunga, nikasema,
upesi, bila kupepesa,
kama mama alivyonifundisha
kabla hajanifundisha kuhesabu.