Ofisi ya Baba

Tuliahidiana, Oskari: siku saba za ziwani,
simu zilale droo ya vijiko.
Siku ya pili nikakuona na ngazi begani.

Kumbe paa la choo lina vijiti viwili vya mtandao!
Ukakaa pale, shati la ofisi juu,
kaptura ya kuogelea chini,
ukiwaambia wa Helsinki, "Nawasikia, nawasikia,"
na mbu nao wamekusikia.

Moto wa sauna nimeukoka tangu saa tisa.
Mawe yakaiva. Nikayamwagia maji, yakanifokea,
mvuke ukanipanda mabegani
peke yangu kwenye ubao wa watu wawili.

Usiku ukagoma kuingia, ndiyo Juni ya kwetu.
Venla akachora likizo:
ziwa, mashua nyekundu, mama mwekundu zaidi,
na kibanda chenye mtu juu.
"Huyu nani?" ukamuuliza.
"Baba. Yuko kazini."

Hukusema kitu. Ukatoka.
Nikasikia ngazi ikiburutwa majanini,
sikujua inaondolewa
au inarudishwa.
Nikaongeza kuni mbili.