Kidole Mara Mbili

"Hakijasoma, dada. Weka tena."
Kijana wa mwavuli, pale Tandika sokoni,
alinifuta kidole gumba kwa kitambaa chake,
nami nikaweka tena, na tena,
kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe.

Usiku simu ikanipongeza:
siku ya arobaini na moja, Zamda!
Ni programu yangu ya malengo, ina kibubu cha njano
kinachojaa kidogo kidogo,
elfu mbili jana, elfu mbili leo,
hadi cherehani ya ovaloki isimame kibarazani.

Kumbe na mwenzangu alikuwa na malengo.

Alhamisi nikaitwa kituoni Chang'ombe.
Mama mmoja wa Ifakara katuma ada ya mwanawe
"kwa namba hii", na jina likatoka langu,
lote, Zamda Salehe Mketo,
halikukosewa hata herufi.
Aliniangalia mikono. Hakusema kitu.

Nikabonyeza nyota, mia na sita, reli.
Laini tano. Mbili nazijua.
Tatu huamka kabla yangu,
zinakopa, zinatongoza,
zinaapa kwa jina nililopewa na bibi.

Nimezifungisha. Kidole nimekisugua kwa sabuni ya kipande,
upuuzi tu, najua.

Chini ya cherehani nimeandika lengo jingine:
kila Ijumaa, nijihesabu.
Saa mbili usiku programu huuliza:
umekamilisha?

Leo tumekutwa wawili,
mimi, na mimi.
Nikaweka vema.