Zile Tatu za Mbegu

Bamia ya kwetu haimngoji mtu.
Ukichelewa siku moja imekuwa kamba,
na mnunuzi wa Amasya huikunja kwa kidole gumba:
isipokatika tak! huitupa chini ya lori.
Kwa hiyo twaingia shambani na giza,
soksi mikononi, maana inawasha kama upupu,
twachuma vidogo kuliko kucha
vikiwa bado na ua lililonyauka kichwani.

Mwaka nilioolewa
niliona mashina matatu kando ya mfereji
yamefungwa uzi wa sufi, mwekundu.
Bamia zake ndefu, zimenenepa, hakuna aliyezigusa.
Nikadhani zimesahauliwa.
Nikazikata zote, nikarudi na kikapu
nikitembea kama niliyeshinda kitu.

Mama mkwe, Döndü, alikitazama kile kikapu
kama mtu anayesoma barua mara ya pili.
Hakunigombeza.
Alizipika na kondoo, akakamulia ndimu,
zikagoma kulainika.
Akanipakulia mimi wa kwanza.
"Kula," akasema. "Ndilo shamba la mwakani hilo."

Theluji ilipoanguka alivuka daraja kwa miguu
hadi kwa dada yake Sıddıka,
kuomba alichompa mwenyewe miaka tisa nyuma:
kiganja kimoja.
Alirudi nacho kifuani, ndani ya nguo,
kama mtu aliyebeba kifaranga.

Tulimzika Machi, udongo ukiwa bado mgumu.

Mwaka huu jirani Cafer kapanda za pakiti,
fupi, laini, haziwashi,
na nyuki hajui mpaka wa Cafer na wangu.
Basi nimekata soksi za marehemu, zile nyembamba za sikukuu,
na kila jioni nalivisha chipukizi litakalofunguka kesho.
Alfajiri ua lafunguka humo ndani, peke yake,
njano, na koo jekundu la kukomamanga.
Magharibi limekwisha.
Mume wangu apita, acheka:
"Umemvalisha mama tena?"
Kisha anyamaza, ashika jembe, aenda zake.

Vuli maganda yatapasuka kwenye mishono.
Nitayatikisa sikioni.
Mbegu ya bamia ni ya kijivu, kama risasi ya ndege,
haina sura ya kumshawishi mtu.

Jana nilikuwa darini natunga za kukausha,
uzi baada ya uzi, kama shanga za mtoto.
Chini nikamwona Feride, mkaza mwana wangu,
wiki ya tatu tangu arusi,
kasimama mbele ya ule uzi mwekundu
na kisu mkononi.

Nilifungua mdomo.
Nikaufunga.

Kwenye mtungi, nyuma ya unga,
nina kiganja cha mwaka jana,
na kingine cha mwaka juzi.